Madereva wenzangu wa Dar, honi zetu hazimwonyi mtu tena

#1 Mleta uzi

Wakuu, habari za muda huu.

Naendesha gari hapa Dar es Salaam tangu 2006. Miaka tisa ya mwanzo nilikuwa kwenye daladala, Mbagala Rangi Tatu – Kariakoo, kwanza deiwaka, yaani wa kushikia gari siku moja moja, baadaye nikakabidhiwa gari. Siku hizi naendesha gari ya ofisi. Kwa hiyo haya nayasema nikiwa mtu aliyepiga honi mchana na usiku kwa miaka, nikijua kila sababu ambayo dereva anaitoa akiulizwa kwa nini anapiga.

Uzi huu nimeuahirisha muda mrefu. Kuna jambo lilitokea 2017, Barabara ya Kilwa, pale Mbagala Zakhem, na sijawahi kulisimulia zaidi ya kwa mke wangu.

Ilikuwa mchana, wanafunzi wa shule ya msingi wanatoka. Nikasimama kwenye zebra, upande wa kushoto. Nyuma yangu kulikuwa na Coaster, dereva wake akaanza kunipigia honi mfululizo nisogee. Watoto wakavuka. Mmoja, kwa kumwangalia darasa la pili hivi, alibaki nyuma ya wenzake, yuko mbele ya bampa yangu. Nikaona kwenye kioo bodaboda inakuja kwa kasi upande wangu wa kulia, haioni watoto kwa sababu gari yangu imewaziba. Nikapiga honi. Nilitaka yule mtoto asimame.

Akakimbia.

Alikimbia mbele, akatoka kwenye kivuli cha gari yangu, akaingia moja kwa moja kwenye ile pikipiki. Mguu ulivunjika juu ya goti. Alipona, namshukuru Mungu, na dereva wa boda hakutoroka, alisaidiana nami kumpakia mtoto. Lakini tangu siku ile kitu kimoja hakinitoki kichwani. Honi yangu ilimaanisha simama, yeye alisikia kimbia. Na hakukosea. Mtoto wa Dar tangu anaanza kutembea, honi anayoisikia barabarani inamwambia toka, harakisha, unatuchelewesha. Sekunde tano kabla yangu ile Coaster ilikuwa imeshamwambia hivyo hivyo. Angejuaje kwamba ya kwangu ina maana nyingine?

Hebu tuhesabu tunazozipiga. Dereva wa daladala anapiga honi kuita abiria aliyeko mita hamsini ndani ya uchochoro. Anapiga kumsalimia mwenzake wa njia moja. Anapiga kumwambia konda twende. Boda anapiga kuuliza kama unapanda. Mwenye gari ndogo anapiga getini kwake saa tano usiku ili afunguliwe. Anapiga kushukuru aliyempisha, anapiga kumtukana aliyemchomekea. Taa ikigeuka kijani anapiga. Trafiki akishikilia upande mmoja robo saa, foleni nzima inapiga. Harusi inapita inapiga. Simba au Yanga ikishinda mji mzima unapiga. Kifaa ni kile kile, mlio ni ule ule, halafu ndani ya kelele hiyo yote tunategemea mtu mmoja atambue kwamba hii sasa ni ya hatari, akili imwambie asimame.

Wazee walisema kelele za mlango hazimnyimi mwenye nyumba usingizi. Mlango ukilia kila siku, sikio linauzoea, linaacha kuusikia. Sisi tumeufanya mji mzima uizoee honi, na ndiyo maana kwenye Barabara ya Kilwa utaona mtu anavuka na honi inalia mgongoni kwake hata shingo hageuzi. Tunamwita mkaidi, tunasema ana jeuri. Sikio lake limeshachoka tu.

Kuna jambo lingine ambalo hata mimi nililielewa nimechelewa. Unapompigia honi dereva aliye mbele yako, yeye amefunga vioo, kiyoyozi kinavuma, redio inaongea. Sauti inamfikia ikiwa imepungua sana. Anayeipokea yote ni asiyehusika: mama anayekaanga mihogo pembeni, mmachinga, abiria kituoni, boda na abiria wake, trafiki aliyesimama katikati ya makutano tangu asubuhi. Kwa viwango vya kimataifa honi ya gari inaruhusiwa kufika desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 112 ukiipima mita 7 mbele ya gari. Wataalamu wa afya kazini wanaweka mpaka wa desibeli 85 kwa saa 8 kwa siku, na kila zikiongezeka 3 muda salama unapungua nusu. Kwenye desibeli 100 muda huo ni dakika 15. Sasa mfikirie mama wa mihogo pale Rangi Tatu anakaa saa ngapi.

Na hizo honi za kwenye taa hazisogezi kitu. Foleni inaondoka gari moja baada ya jingine, kila gari linachukua kama sekunde mbili kuvuka mstari. Ukiwa wa kumi, zamu yako itafika baada ya sekunde 20 hivi hata wa kwanza angekuwa mwepesi namna gani. Nimefanya kazi hiyo miaka tisa na sikumbuki siku ambayo honi iliniongezea tripu.

Nawaomba tuzungumze kwa utulivu. Nataka kusikia wenye daladala, wenye boda, na hasa wanaokaa karibu na barabara.

#2

Mkuu, pole sana kwa hilo la mtoto.

Mimi nakaa Tabata, ndani kabisa, barabara kubwa iko mbali. Tatizo letu ni magari ya shule. Saa 11 na robo alfajiri linakuja la kwanza, linasimama nyumba ya tatu kutoka kwangu, linapiga honi mpaka mtoto atoke. Saa 11 na nusu linakuja la pili. La tatu halina kituo hapa, linapiga likiwa linapita ili watoto wa mtaa wa mbele wajiandae. Baba yangu ana presha, usiku anasinzia kwa taabu, usingizi unamkolea alfajiri ndipo honi zinaanza.

Nilimfuata dereva mmoja kwa upole. Akaniambia shule imempa watoto 30 na muda wa saa moja na nusu, na mzazi asiposikia honi mtoto hatoki. Nikaenda kwa mzazi. Mzazi akasema anasubiri honi ndiyo amtoe mtoto, maana gari halina saa maalumu. Kila mmoja anamsubiri mwenzake na sisi tusiohusika ndio tunaoamka. Mwisho tulikaa wazazi wanne na dereva, tukafungua kundi la simu, akifika mtaa wa nyuma anatuma neno moja tu, mtoto anakuwa ameshasimama getini. Gari moja kati ya matatu limenyamaza. Bado mawili.

#3

Mleta uzi, nakuheshimu kama kaka uliyetangulia kwenye kazi, lakini umesahau ulikotoka.

Tajiri, mwenye gari, anataka hesabu yake jioni. Haniulizi kulikuwa na foleni, haniulizi mvua. Mafuta juu yangu, konda juu yangu, makosa ya barabarani juu yangu. Abiria wa Dar hasimami kituoni akakungoja, yuko kwenye kivuli cha duka anachezea simu. Nisipopiga honi nyuma yangu kuna wenzangu wawili wanapiga, anapanda kwao. Wewe sasa una mshahara, gari ni ya ofisi, unaweza kunyamaza. Nikinyamaza mimi peke yangu watoto wangu watakula nini?

Hilo la zebra nakubaliana nalo. Lakini usituweke kundi moja na wenye gari ndogo wanaopiga honi getini kwa sababu hawataki kushuka.

#4

Mimi ni boda, kijiwe Mwenge.

Ngoja niwaambie honi ya upepo ya lori au basi la mikoani inavyokuwa ukiwa juu ya pikipiki. Hauisikii kwa sikio tu, kifua kinatikisika. Mikono inashtuka yenyewe, usukani unacheza. Ukiwa na abiria mama amebeba mtoto, naye anashtuka, anakushika, pikipiki inayumba. Anayepiga yuko juu kwenye kabini anadhani amenisaidia nimpishe. Amenisogeza karibu na kifo.

Nakiri na sisi tunapiga ovyo, hasa kuita abiria. Mtu anatembea zake amechoka, boda sita zinampigia pii pii mpaka afike kwake. Dada zetu ndio wanaudhika zaidi, na wana haki.

#5 Mleta uzi

Nimesoma yote, nashukuruni.

Mdogo wangu wa #3, sijasahau. Hesabu naijua, nimeshaikosa, nimeshalala na deni la tajiri. Uliyosema ni kweli na sitakuambia unyamaze peke yako ufe njaa. Nilichokuwa nataka kukukumbusha ni kwamba honi ya kuita abiria tulianza sisi wenyewe kupokonyana. Mmoja akipiga anapata abiria wa ziada. Wote tukipiga abiria wanabaki wale wale, kelele ndiyo imeongezeka. Pale Rangi Tatu wakati wetu kulikuwa na kipindi gari zilipanga foleni, ya mbele inajaza inaondoka. Wakati huo honi kituoni ilipungua bila mtu kukatazwa, kwa sababu hakukuwa na wa kumpokonya. Palipo na zamu pana utulivu. Hilo ni jambo la kupeleka kwa viongozi wa njia, na wao wanaweza kulisimamia kuliko askari.

Kuhusu masikio, nilikuwa sitaki kuliandika lakini wa #4 amenifungulia. Sikio langu la kulia, la upande wa dirisha, linalia. Mlio mwembamba kama wa jenereta ya mbali, usiku ndiyo unasikika vizuri. Nilipopimwa niliambiwa sauti nyembamba sizisikii tena upande huo na hazitarudi. Mwanangu wa mwisho akiongea akiwa kulia kwangu namwomba ahamie kushoto. Tulipokuwa vijana tulidhani anayeumia ni yule tunayempigia honi. Hatukujua kwamba dirisha letu limefunguliwa siku nzima na wenzetu nao wanatupigia sisi.

Madereva wa daladala na boda mnaosoma hapa, mkapime masikio. Hasa ukiona unaongeza sauti ya redio mwaka hadi mwaka.

#6

Naomba kuongeza jambo ambalo hamjaligusa.

Mdogo wangu ni kiziwi, alisoma Buguruni, shule ya viziwi. Wote mnaopita pale mnaifahamu. Yeye honi haina maana kwake kabisa, iwe ya wema au ya ubaya. Ameshatukanwa na madereva mara nisizoweza kuhesabu: "wewe husikii?" Ndiyo, hasikii. Dereva anapiga honi kisha anaendelea na mwendo ule ule kwa sababu anaamini ameshatoa taarifa. Hapo ndipo hatari ilipo kwetu. Honi imekuwa mbadala wa breki.

Na upande wa pili kuna wasioona. Pale shule ya Uhuru Mchanganyiko kuna wanafunzi wasioona, na wapo watu wazima wengi mjini wanaotembea na fimbo nyeupe. Mtu asiyeona anavuka barabara kwa masikio. Anasikiliza injini iko umbali gani, tairi linapunguza mwendo au la. Honi tatu zikilia pamoja zinafuta kila kitu, anabaki amesimama katikati hajui mbele wala nyuma. Rafiki yangu mmoja asiyeona aliniambia barabara yenye kelele kwake ni sawa na kumwagiwa mchanga machoni kwa mtu anayeona.

Naomba dereva yeyote anayesoma hapa: mtu asipogeuka baada ya honi, usipige ya pili. Kanyaga breki.

#7

Salamu kutoka Mombasa.

Nyinyi mnalia na daladala, sisi huku tuna matatu na tuktuk, na ukipita Mwembe Tayari jioni hutosikia hata anayekusemesha ubavuni. Manamba, yaani utingo, anapiga mwili wa gari kwa kiganja, dereva anapiga honi, na tuktuk nazo zataka zisikike. Ajabu ni kwamba sheria tunayo. Kanuni za kelele za mwaka 2009 hapa Kenya zinakataza kupiga honi isipokuwa inapobidi kuzuia ajali. Imeandikwa wazi. Lakini mimi niliyezaliwa Mji wa Kale sijapata kumuona mtu ameshikwa kwa honi. Hushikwa kwa mkanda, kwa kupakia kupita kiasi, kwa bima.

Kwa hivyo mkienda kudai sheria, ulizeni pia ni nani atakayesimama barabarani kuisimamia.

#8 Mleta uzi

Ndugu yangu wa #6, umenifunga mdomo. "Honi imekuwa mbadala wa breki." Siku ile ya Zakhem mimi nilikuwa nimesimama tayari, lakini yule wa boda alikuja anapiga honi badala ya kupunguza. Ndivyo tulivyofundishana vijiweni: ukiona watu, piga honi upite.

Wa Mombasa, suala la sheria umeligusa pazuri. Mkataba wa kimataifa wa barabarani uliosainiwa Vienna mwaka 1968 ulishasema honi ni ya kuonya ili kuepusha ajali, na kwamba nje ya mji unaweza kuitumia kumjulisha unayetaka kumpita. Isilie zaidi ya inavyohitajika. Uingereza dereva hapigi honi gari ikiwa imesimama, na maeneo ya makazi hapigi kuanzia saa 5 na nusu usiku hadi saa 1 asubuhi, isipokuwa kama mwenzake anamhatarisha. Hapa kwetu tuna Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973, tuna Sheria ya Mazingira ya 2004, tuna kanuni za kelele na mitetemo za 2015. Lakini tukisikia neno kelele tunafikiria baa, kumbi na spika za nyumba za ibada. Barabara tumeisamehe, kana kwamba kelele yake ni hali ya hewa.

Wapo waliojaribu. Kathmandu, Nepal, walipiga marufuku honi zisizo za lazima Aprili 2017. Kule Mumbai, India, polisi walifanya jaribio wakalitangaza mwanzoni mwa 2020: walifunga vipima sauti kwenye taa za makutano, kelele ikivuka desibeli 85 taa nyekundu inaanza kuhesabu upya. Ukipiga honi unasubiri zaidi, na jirani zako wote wanasubiri kwa sababu yako. Nililipenda jaribio lile kwa kuwa halikumhitaji askari wa kukimbizana na mtu, foleni ilijisimamia yenyewe. Sisemi tulichukue zima zima. Kwetu makutano mengi saa za msongamano yanaongozwa na trafiki kwa mkono, taa inabaki pambo. Lakini trafiki huyo huyo, kama angekuwa na utaratibu unaojulikana, kwamba upande unaopiga honi ndio unaoruhusiwa mwisho, siku tatu tu zingetosha watu kuelewa.

Mfano wa karibu zaidi nimeuona mwenyewe. Mwaka 2019 nilipeleka gari Kigali. Ukivuka mpaka wa Rusumo kuingia Rwanda unahama kutoka mkono wa kushoto wa barabara kwenda wa kulia, kwa hiyo nilikuwa mgeni kweli kweli, nakosea, nachelewa kwenye mizunguko. Kwa siku mbili nilizokaa mjini walinisubiri. Mara ya kwanza niliposimama muda mrefu kwenye kivuko mwili wangu wote ulikaza, nangoja honi ya nyuma. Haikuja. Nikageuka kuangalia kama kuna gari. Lilikuwepo, dereva amekaa, mkono umetulia kwenye usukani. Sikujua kama bega langu limekuwa likikaza namna ile kwa miaka kumi na mitatu mpaka siku lilipolegea.

Ninachofanya mimi sasa ni kidogo. Nikisimama kwenye zebra nashusha kioo, natoa mkono wote nje, kiganja kimefunguka, wa nyuma aone na boda aone. Nawasha taa za hatari. Mtoto nikimwona anasitasita simpigii honi hata iweje, namwangalia usoni, namwonyesha kwa kiganja asimame au apite. Getini napiga simu au nashuka nagonga. Mtu akinipisha nainua mkono. Nikikaribia hospitali yoyote vidole nakaza kwenye usukani. Honi nimebakisha kwa jambo moja, na mwaka huu nimeipiga mara nne. Zote nne mtu aligeuka.

#9

Ni mimi wa #3. Nimerudi baada ya wiki mbili, uzi umenikaa kichwani.

Nisiwadanganye, kuita abiria sijaacha. Nilijaribu Jumatatu nzima, gari ilitembea nusu tupu asubuhi, tajiri hakunielewa na sikuweza kumwambia sababu. Jumanne nikarudi kupiga. Hilo la zamu kituoni nimelipeleka kwa wenzangu, wazee wawili wameunga mkono, vijana wanasema wataona.

Kwenye zebra nimeacha. Gari ya mbele ikisimama nami nasimama, mkono naweka pajani. Konda wangu siku ya kwanza alikuwa anapiga bodi mimi nikiwa nimenyamaza, nikamwambia na yeye aache. Juzi pale Mtongani wamepita watoto kama kumi na tano, mmoja akadondosha daftari katikati ya barabara, akarudi kuliokota, akalifuta vumbi, akapita.

#10 Mleta uzi

Asante, mdogo wangu. Hapo kwenye zebra ndipo nilipokuwa napaomba. Viongozi wa njia wakikubali kukaa kikao cha zamu niambieni siku, naja, hata kama ni Jumapili.